Uliza Ujibiwe: Grafini, fyueli seli na maji yetu ya chumvi

Mbukwenyi wasomaji. Toleo lililopita niligusia kwa mistari minne tu kwamba kuna watu wanaweka grafini, yaani karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja tu, ndani ya fyueli seli, ile mitambo inayotoa umeme kwa kuzikutanisha haidrojeni na oksijeni bila kuwasha moto, nikaahidi mkiuliza ntajibu. Nilijua yatakuja maswali mawili matatu. Yamekuja mengi mpaka mhariri kaniuliza kama nawalipa. Yanayofanana nimeyaunganisha, na yale ya "nipe namba ya muuzaji" nimeyaweka pembeni maana muuzaji simjui.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni dereva boda, kijiwe chetu kiko Kizota. Kuna jamaa kapita hapa na video kwenye simu, anasema kuna kifaa cha grafini unafunga kwenye pikipiki, unaweka maji lita moja tu, yanageuka haidrojeni na mafuta yanapungua nusu. Anataka tuchange watu watano tuanze na kimoja cha majaribio. Ni kweli au tunapigwa? (Boda wa Kizota)

JIBU: Mnapigwa. Hela zirudisheni mfukoni kwanza alafu ndo umalizie kusoma.

Maji siyo mafuta kaka. Maji ni haidrojeni ambayo ilishaungua zamani, yaani ni kama majivu, na hakuna aliyewahi kuchoma mahindi kwa majivu. Unaweza kuyatenganisha yarudi kuwa haidrojeni na oksijeni, hilo kweli, ila unalipa kwa umeme, na umeme wa pikipiki unatoka kwenye koili, koili inapata umeme kwa sumaku inayozungushwa na injini, na injini inakula hiyo hiyo petroli unayotaka kuiokoa. Kila hatua inakata kidogo chake. Ni sawa na kumkopesha mtu elfu kumi akakurudishia elfu tatu alafu ukashangilia kwamba leo umeingiza elfu tatu. Hapo grafini imewekwa kwa sababu jina linasikika la kisasa, mwaka juzi jamaa angekuambia ni sumaku.

Fyueli seli yenyewe ni kitu cha kweli wala siyo kipya, William Grove wa kule Wales aliionyesha mwaka 1839, wakati huo gari la petroli halijazaliwa. Ila inalishwa haidrojeni iliyotengenezwa sehemu nyingine ikaletwa kwenye mtungi. Mtu akikuambia inalishwa maji, we mwulize mtungi uko wapi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma fomu siksi PCM, shule iko Kongwa. Nimesoma kwamba grafini ni kaboni yenye unene wa atomu moja. Sasa kwenye fyueli seli inakaa wapi? Ndo inayotengeneza umeme? Na kama ni nzuri kiasi hicho mbona bado wanatumia platinamu ambayo ni bei kali? (Mwanafunzi, Kongwa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri kuliko watu wazima wote wa wiki hii, kwahiyo wewe ntakuchosha.

Anza na seli yenyewe. Katikati kuna utando mwembamba, unaotumika sana unaitwa Nafion. Upande mmoja unapitisha haidrojeni, upande wa pili hewa. Haidrojeni ikigusa platinamu inavunjika, kila atomu inabaki protoni na elektroni. Protoni inapenya kwenye utando. Elektroni inakataliwa kupita hapo, inalazimika kuzunguka kwenye waya wa nje, na huo mzunguko wake ndo umeme wenyewe, hapo unaweka taa, mota, chochote. Upande wa pili protoni, elektroni na oksijeni zinakutana zinakuwa maji. Kwa hesabu za darasani seli moja ingetoa volti 1.23, ikifanya kazi unapata kama 0.6 mpaka 0.7, ndo maana zinapangwa nyingi kwa mfululizo. Kuchaji simu kwa volti 5 unahitaji kama nane. Gari la Toyota Mirai lilipotoka mwaka 2014 lilikuwa na seli 370.

Sasa kuvunja haidrojeni ni kazi nyepesi. Shughuli iko upande wa oksijeni, ile ni mbishi, inaachana taratibu mno, na platinamu nyingi inaishia kutumika hapo. Platinamu haipakwi kama rangi ya ukuta, ungefilisika. Inatengenezwa kwa kemia ikiwa chembechembe za nanomita 2 mpaka 5 zilizotawanywa juu ya kaboni ya unga mweusi, mjukuu wa masizi ya kibatari. Hiyo kaboni ndo kiwanja: inashikilia chembe zisikusanyike pamoja na inapitisha elektroni.

Na kiwanja ndo mahali grafini inapoombea kazi. Kwahiyo jibu la "ndo inayotengeneza umeme" ni hapana. Inabeba wanaotengeneza.

Sifa zake za kuombea kazi ni nzito kweli. Gramu moja ya grafini, ukiitandaza yote na kuhesabu pande zote mbili, ina eneo la mita za mraba kama 2,630. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Yaani gramu moja, kijiko cha chai hata hakijui kama umeweka kitu, inafunika zaidi ya theluthi ya uwanja. Na inapitisha umeme vizuri. Na kuna hili la kutu: seli ikizimwa na kuwashwa mara kwa mara, upande wa hewa volti zinaruka juu kuliko kawaida na ile kaboni ya masizi inaanza kuliwa, inageuka kabonidioksaidi na kupotea, chembe za platinamu zinabaki hazina pa kushika, zinasombwa au zinaungana kuwa mabonge. Kaboni iliyopangika vizuri kama grafini inavumilia hayo mateso zaidi.

Sasa ngoja nikuonyeshe ubaya wake, maana sifa peke yake hata yule jamaa wa Kizota anazo.

Kwanza, karatasi za grafini zinapendana. Umewahi kuchukua chapati ishirini za moto ukazipanga kwenye hotipoti bila kuzipaka mafuta? Ukija kuzitoa unatoa bonge. Grafini ndo hivo hivo, ukishaikausha inalaliana yenyewe kwa yenyewe na zile mita 2,630 zinabaki kwenye karatasi ya mtihani tu. Watafiti wanafanya alichokuwa anafanya bibi yangu na unga mkavu kati ya chapati na chapati: wanachomeka kitu katikati, unga wa kaboni ile ile ya masizi au neli za kaboni, ili karatasi zisigusane. Inasaidia, ila kama umeona, tumerudisha masizi kwa mlango wa nyuma.

Pili, karatasi ikilala bapa inaziba. Oksijeni inataka kufika kwenye platinamu na maji yanataka kutoka, sasa ukitandika karatasi za grafini zote zimelala ni kama umefunika mahindi kwa turubai, hewa haiingii jasho halitoki. Inabidi itobolewe au ikunjwekunjwe.

Tatu ndo inayonifurahisha. Grafini safi kabisa isiyo na kasoro haishiki platinamu vizuri, chembe zinateleza. Ili zishike unahitaji makovu, sehemu yenye tundu, yenye oksijeni kidogo, yenye naitrojeni. Ila kaboni inapoanza kuliwa inaanzia kwenye hayo hayo makovu! Kwahiyo ukiitakasa inadumu lakini haishiki, ukiichanachana inashika lakini haidumu, na kazi kubwa ya miaka hii yote ni kutafuta kipimo cha katikati. Ndo maana ukisikia mtu anatangaza "grafini imemaliza tatizo" ujue ameuangalia upande mmoja wa chapati.

Kuiondoa platinamu kabisa nako kumejaribiwa. Ukitoa baadhi ya atomu za kaboni ukaweka naitrojeni, kaboni za jirani zinabaki na chaji chanya kidogo na zinaanza kuivuta oksijeni zenyewe bila chuma chochote. Mwaka 2010 timu ya Liming Dai kule Marekani ilionyesha grafini yenye naitrojeni ikifanya kazi hiyo vizuri sana, ila kwenye mazingira ya alkali. Nafion ni asidi. Kwenye asidi grafini hiyo inachoka haraka na platinamu bado inaongoza, kwahiyo sehemu kubwa ya tumaini limehamia kwenye kaboni yenye naitrojeni pamoja na madini ya chuma kidogo, au kubadilisha utando wenyewe uwe wa alkali. Bei ya platinamu nayo haitusubiri, zaidi ya theluthi mbili ya inayochimbwa duniani inatoka Afrika Kusini, huko kukiwa na mgomo wote mnatikisika.

Utando nao una habari yake. Nafion inapenda unyevu, ikikauka protoni hazipiti, ndo maana seli hizi zinaendeshwa kama nyuzi 60 mpaka 80. Wanachanganya humo grafini iliyooksidishwa ambayo inashika maji, na kwenye seli zinazotumia methanoli inasaidia kuzuia methanoli isivuje kwenda upande wa pili. Na mwaka 2014 timu ya Andre Geim wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ikatoa kitu kilichowashangaza wengi: grafini ambayo hata heliamu haiipenyi, protoni zinapita! Karatasi inayokataza gesi zote alafu inaruhusu protoni tu, hiyo si ndo ndoto ya mtengeneza utando? Ila kutengeneza karatasi kubwa isiyo na tundu hata moja, hapo ndo pagumu, tundu moja tu na gesi inavuja.

Mtihani ukikuuliza, andika "inabeba kichocheo (platinamu), inaboresha utando, inakinga sahani za chuma zinazotenganisha seli na seli zisiliwe na kutu". Mwalimu wako atakupa maksi. Hayo mengine ni ya kwako.

SWALI: Je treni yetu ya SGR inatumia haidrojeni? Maana naona haitoi moshi. (Abiria, Ihumwa)

JIBU: Hapana, angalia juu utaona waya, ni umeme wa gridi moja kwa moja. Treni ya abiria ya haidrojeni ilianza kazi Ujerumani mwaka 2018, kwenye reli ambazo hazina waya. Penye waya tayari haidrojeni haina cha kufanya.

SWALI: Mwalimu mwenzangu salaam. Nafundisha fizikia sekondari wilaya ya Kondoa. Shule ililetewa msaada wa kifaa kidogo cha kufundishia, kigari kina fyueli seli, unaweka maji, unaunganisha paneli ndogo ya sola, kinatengeneza haidrojeni yake na oksijeni, alafu unachomoa paneli kigari kinatembea. Siku ya kwanza kilitembea darasa zima likapiga makofi. Wiki ya tatu kimekufa. Nyaya nzima, paneli nzima. Nimefungua sijaona kilichoungua. Shida nini na je ningekuwa na seli yenye grafini ingedumu? (Mwalimu, Kondoa)

JIBU: Salaam mwalimu. Kabla sijasoma mpaka mwisho nilishajua, na nimejua kwa sababu na mimi nilikiua cha kwangu hivo hivo. Umeweka maji ya bomba. Au ya kisima.

Cha kwangu nilikinunua kwa hela yangu mwenyewe, nikamwita mke wangu na watoto sebuleni, nikajaza maji ya bomba la jikoni, likawa linatoa viputo vizuri tu kwenye zile neli mbili, upande wa haidrojeni unajaa mara mbili ya upande wa oksijeni kama kitabu kinavyosema, na mi najiona profesa. Baada ya siku kadhaa viputo vikawa vya kuhesabu. Baadaye kimya. Nilikaa na hicho kifaa mkononi nikaangalia birika letu la chai jikoni, lile la ndani limeshika ukoko mweupe mpaka huoni chuma, ndo nikaelewa.

Maji yetu huku kanda ya kati yana chumvichumvi nyingi za kalisi na magnesi, ndo zinazofanya ule ukoko na sabuni kugoma kutoa povu. Sasa utando wa Nafion ndani yake una vishikizo vilivyokusudiwa kupokea protoni, zinarukaruka kutoka kishikizo hadi kishikizo mpaka ng'ambo. Kalisi ikija ina chaji mbili, inakamata vishikizo viwili kwa mpigo na haitoki. Ni kama abiria aliyepanda daladala ya Nkuhungu akakalia siti mbili na mizigo yake, haondoki hata mkifika mwisho wa gari. Kidogokidogo siti zote zinakaliwa na protoni hazina pa kupita. Huwezi kuona kilichoungua kwa sababu hakuna kilichoungua.

Grafini isingekuokoa mwalimu wangu. Ingekuwa kwenye elektrodi, yaani zile pande mbili zenye platinamu, na uchafu umekaa kwenye utando. Hata utando wenye grafini iliyooksidishwa ndani yake bado una vishikizo vile vile.

Ukipata kifaa kingine tumia maji ya betri, yale baridi yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri za magari, siyo yale makali ambayo ni asidi, soma chupa na unusishe mwenzako kwanza (natania, usinuse wala usinusishe). Sirinji iwe ya kazi hiyo tu. Na wanafunzi wasiweke maji ya chupa ya kunywa wakidhani ndo safi, yale yana madini, mengine wameongeza makusudi. Maabara zenye uzoefu huwa zinaosha utando kwa asidi ya salfuriki hafifu ya moto ili kuitoa kalisi, ila kwa kifaa cha plastiki kilichogundishwa siwezi kukushauri ukichemshe kwenye asidi mbele ya fomu tuu.

SWALI: Nimeona pawabenki mtaani imeandikwa "grafini" bei ya kutupwa. Ni fyueli seli? Na grafini yenyewe naweza kuiona kwa macho? (Dada wa Area C)

JIBU: Siyo fyueli seli, ni betri ya kawaida ya lithiamu, na pengine kilicho na grafini hapo ni karatasi ya boksi.

Kuiona unaweza kujaribu mwenyewe leo. Chukua penseli, ile nyeusi laini ya 2B, chora kwa nguvu mpaka karatasi ing'ae. Bandika selotepu, bandua. Kunja selotepu ijigandie, bandua, rudia mara kumi. Nilifanya jana hapa mezani: mara ya kwanza alama ni nyeusi tii, mara ya tano ni kijivu kama moshi, mara ya kumi unageuza kwenye mwanga unaona kama mtu alipumulia plastiki. Penseli ina udongo wa mfinyanzi umechanganywa humo na unachokiona bado ni tabaka nyingi, milimita moja ya grafiti ina tabaka kama milioni tatu. Ila njia ni hiyo hiyo. Geim na Konstantin Novoselov walitumia selotepu na kipande cha grafiti safi, mwaka 2004 wakatoa karatasi zilizokuwa tabaka moja kweli, na mwaka 2010 wakapewa Nobeli ya fizikia. Kwahiyo selotepu usiitupe.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi nina leseni ndogo na washirika wangu, na tunaangalia mambo ya grafiti upande wa Mahenge. Tunasikia grafini inauzwa bei mara nyingi kuliko grafiti, na fyueli seli zinakuja. Kwa nini tusitengeneze grafini hapa hapa nchini tukaacha kuuza mawe? Tunahitaji nini? (Mchimbaji, kwa sasa niko Dodoma kwa ajili ya vibali)

JIBU: Karibu Dodoma ndugu, na pole na foleni za vibali. Wazo la kutouza mawe naliunga mkono kwa mikono miwili. Ila ngoja tupige hesabu moja kabla hujachapisha kadi za kampuni.

Platinamu kwenye gari moja la fyueli seli ni gramu makumi kadhaa. Kaboni inayoibeba ni uzito wa karibu na hapo hapo. Tuseme imebadilishwa yote ikawa grafini, na tuseme gramu 50 kwa gari. Magari 10,000 ni kilo 500. Nusu tani! Wewe ukiamka vizuri unachimba hiyo kabla ya chai. Kwahiyo hata fyueli seli zikienea, soko la kuujaza mgodi wako haliko kwenye grafini ya elektrodi. Grafiti ya Mahenge na ya Ruangwa kule Lindi wateja wake wakubwa ni betri za lithiamu na matofali ya tanuru za kuyeyushia chuma, na kwenye fyueli seli yenyewe mahali inapoingia kwa uzito ni zile sahani zenye mifereji zinazotenganisha seli na seli.

Kutengeneza ni habari nyingine. Njia inayotumika sana ya kupata grafini kwa wingi kutoka kwenye grafiti inapitia mapishi ya Hummers ya mwaka 1958: grafiti, asidi kali ya salfuriki, pamanganeti ya potasi, unapata grafini iliyooksidishwa, alafu unaiondolea oksijeni. Joto likikuponyoka mchanganyiko unaweza kulipuka. Na kuosha ile asidi unahitaji maji mengi, mengi kweli, tena safi, sasa we niambie Dodoma hii ambayo mgao wa maji tunaujua kwa ratiba. Siyo kwamba haiwezekani, vyuo vinafanya kwa bika ndogo, vile vikombe vya kioo vya maabara. Ila bika na kiwanda ni ndugu wa mbali.

Kingine usafi. Grafiti ya asili ina chuma na madini mengine kidogo ndani yake, na yale mapishi yanaongeza manganizi. Hivi vidogo vinaweza kubaki kwenye grafini na vyenyewe vikafanya kazi ya kichocheo, alafu mtu anaandika kwamba grafini yake haina chuma na inashinda! Martin Pumera na wenzake kule Prague walichoshwa na mambo haya, pamoja na mtindo wa kila mtu kuchomeka kila elementi kwenye grafini na kutangaza maajabu, mwaka 2020 wakaamua kuchomeka kinyesi cha ndege. Siyo utani. Kinyesi kina naitrojeni, fosforasi na salfa kwa pamoja, na grafini yao ikafanya kazi vizuri zaidi kuliko isiyo na kinyesi. Walikuwa wanawasuta wenzao, ila somo kwako ndugu mchimbaji ni kwamba mnunuzi makini atakuuliza cheti cha usafi kabla ya kukuuliza bei. Kuna Taasisi ya Jiolojia hapa hapa Dodoma inapima sampuli, kabla hujaota grafini anza kujua asilimia ya kaboni yako na ukubwa wa chenga zako. Chenga kubwa zinaongea bei zaidi.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama mkulima wa zabibu Hombolo. Kikundi chetu tunataka chumba cha baridi, umeme unakatika. Kijana mmoja msomi katushauri tusubiri fyueli seli za grafini badala ya kununua betri, eti betri zimepitwa. Tusubiri? (Mama wa Hombolo)

JIBU: Marahaba mama yangu, ila msisubiri. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka na zenyewe hazisubiri.

Tuseme chumba chenu kinakula uniti 20 usiku mmoja. Mkiwa na sola na betri za lithiamu, mchana mnahitaji kukusanya kama uniti 22 au 23, maana betri inarudisha karibu tisa kwa kila kumi. Kwa njia ya haidrojeni ni hivi: kutengeneza kilo moja kutoka kwenye maji kunakula uniti kama 50 hadi 55, na fyueli seli itawarudishia 16 hadi 18. Theluthi. Ile ile elfu kumi kurudi elfu tatu niliyomwambia boda wa Kizota. Kwahiyo mngehitaji paneli za uniti 60 kwa kazi ya uniti 20, na mtungi, na mtu anayejua haidrojeni inavyovuja, na maji yasiyo na chumvi, tumeshaona habari za Kondoa.

Grafini hata ikifanikiwa kabisa inapunguza platinamu na kurefusha maisha ya seli. Hasara kubwa ya kwenye hiyo hesabu haiifuti. Haidrojeni ina mahali pake, malori ya mbali, minara ya simu ya porini inayotaka akiba ya siku nyingi, kuhifadhi umeme wa msimu mmoja kwa ajili ya msimu mwingine. Chumba cha zabibu cha usiku mmoja siyo mahali pake. Kijana msomi mwambieni awasaidie kusoma vizuri waranti ya betri, hapo ndo atakuwa na faida. Na ukuta wa chumba muweke kinga joto nene, mama, maana hiyo inapunguza uniti zenyewe kabla hata hamjanunua paneli.

SWALI: Hayo maji yanayotoka kwenye gari la haidrojeni, yananyweka? (Wengi, mmoja yuko Singida, mwingine hakusema)

JIBU: Wanaanga wa Apollo walikunywa maji ya fyueli seli zao mpaka mwezini, kwahiyo kimsingi ndiyo, ingawa ya gari yamepita kwenye mabomba na mavumbi, mi nisingekinga kikombe. Kila kilo ya haidrojeni inatoa kilo tisa za maji, mengine yanaondoka kama mvuke. Mirai ile ya kwanza ilikuwa inakula kama kilo moja kwa kilomita 100, kwahiyo safari ya kutoka hapa mpaka Morogoro, kama kilomita 260, ingetengeneza ndoo nzima ya lita 20 na chenji, na lina kabisa kitufe cha kuyamwaga. Ni maji mepesi hayana chumvi hata chembe. Chai ya maziwa sidhani kama ungejua tofauti, ila birika lako lisingeshika ukoko.